Najua tafiti zote za saikolojia, mbona insha zinarudi na alama 7?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza kati ya miwili ya mwisho ya sekondari, na ninasoma saikolojia kwa mtaala wa bodi ya AQA ya Uingereza. Tafiti nimezishika zote, majina na miaka, ila insha zangu za alama 16 hazivuki 7 au 8, na pembeni huandikwa "maelezo mengi, tathmini haba". Sehemu ya mbinu za utafiti na takwimu ndiyo inayonitoa jasho kabisa. Nakosea wapi, na nisomeje?

Jibu: Marahaba. Yale maneno manne yaliyoandikwa pembeni mwa insha yako yamebeba sehemu kubwa ya jibu, kwa hiyo tuanze na hesabu iliyo nyuma yake. Katika insha ya kawaida ya alama 16, ile isiyokuja na kisa cha mtu wa kubuni, alama 6 ni za kueleza unachokijua na 10 ni za kukipima. Wewe umekuwa ukijaza kurasa mbili kugombania zile 6. Hata ukieleza jaribio la Milgram kuhusu utii bila kukosea volti moja, huwezi kupewa ya saba kwa maelezo. Isitoshe, msahihishaji haokoti alama mojamoja. Anasoma insha nzima, kisha anaiweka kwenye ngazi moja kati ya nne: 1 hadi 4, 5 hadi 8, 9 hadi 12, na 13 hadi 16. Ngazi ya 5 hadi 8 ndiyo makao ya insha zilizoelemea maelezo. Ukiongeza utafiti mwingine uliokaririwa vizuri, umeongeza mzigo upande uleule wa mizani.

Chanzo cha kosa hili mara nyingi ni jinsi mwanafunzi alivyoingia kwenye somo. Anakuja akitaka kujua binadamu yukoje, na anakusanya matokeo kama mtu anayekusanya habari. Mtihani unauliza jambo jingine: tumejuaje? Mtu akidai kwamba swali linaweza kubadilisha kumbukumbu, aliona nini hasa, kwa watu gani, kwa kipimo kipi, na je, alichokiona kina maelezo mengine? Ukianza kusoma kila utafiti kwa jicho hilo tangu siku ya kwanza, tathmini haitakuwa tena orodha ya lawama za kubandika mwishoni mwa insha.

Chukua utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974. Wanafunzi 45 wa chuo kikuu walionyeshwa filamu fupi saba za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Kilichobadilishwa ni kitenzi kimoja tu ndani ya swali. Vitenzi vilikuwa vitano, watu tisa kwa kila kimoja. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kasi "yalipogusana" walikadiria 31.8.

Hapo wanafunzi wengi huandika: "Udhaifu wa utafiti huu ni kwamba ulifanyika maabara, kwa hiyo hauna uhalisia." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa kuhusu karibu jaribio lolote la maabara, na kwa sababu hiyo haisemi lolote kuhusu hili. Hoja yenye uzito hutaja jambo lililomo ndani ya utafiti wenyewe, ikaonyesha jambo hilo linaligusaje hitimisho, ikaleta ushahidi wa upande wa pili, kisha ikarudi kwenye swali na kutoa uamuzi. Linganisha ile sentensi na aya hii:

"Washiriki wa Loftus na Palmer walijua wanatazama filamu. Hawakuwa na hofu, wala hawakuwa na sababu kubwa ya kujali kama jibu lao ni sahihi. Shahidi wa tukio la kweli ana vyote viwili, hivyo huenda kumbukumbu yake haiyumbi kirahisi vile. Yuille na Cutshall (1986) waliwahoji mashahidi 13 wa tukio la kweli la kupigana risasi nchini Kanada, miezi minne hadi mitano baada ya tukio. Maelezo yao yalibaki sahihi kwa kiasi kikubwa, na maswali ya kupotosha hayakuwayumbisha sana. Hata hivyo, waliopata mshtuko mkubwa zaidi ndio waliokuwa karibu zaidi na tukio, hivyo haijulikani kama kilichowasaidia ni hisia au ni kuona vizuri. Kwa hiyo athari ya maswali ya kupotosha ipo, lakini nje ya maabara inaweza kuwa ndogo kuliko matokeo ya 1974 yanavyodokeza."

Aya tatu za namna hiyo zinatosha kabisa kwa insha moja. Angalia kazi inayofanywa na "hata hivyo". Wanafunzi wengi huogopa kuikosoa hoja waliyoileta wenyewe kwa kudhani wanajibomoa. Kumbe hapo ndipo msahihishaji anapoona kwamba mwandishi anafikiri, wala harudii tu kitabu.

Jizoeze pia kuuliza kama matokeo yana maelezo mengine, kwa kuwa swali hilo moja huzaa hoja nyingi kuliko mengine yote. Katika jaribio la kwanza la Loftus na Palmer, huenda kumbukumbu haikubadilika hata kidogo. Mtu asiye na uhakika kama kasi ilikuwa 30 au 40 anaweza kusukumwa na kitenzi kuchagua 40, huku picha aliyonayo kichwani ikiwa ileile. Watafiti wenyewe waliliona pengo hilo, ndiyo maana wakafanya jaribio la pili. Wanafunzi 150 walitazama filamu ya ajali, na wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kubamizana, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kugongana cha kawaida, 7. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa kasi, 6. Kusukumwa kuchagua namba hakuwezi kueleza vioo vya kubuni baada ya wiki nzima. Mwanafunzi anayesimulia jaribio la pili anapata alama za maelezo. Anayeeleza kwa nini lilihitajika amegeuza habari ileile kuwa tathmini.

Sasa kuhusu lawama zilizozoeleka. "Sampuli ni ndogo" ni ya kwanza, na mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Stanley Milgram, katika utafiti aliouchapisha 1963, alikuwa na wanaume 40 wenye umri wa miaka 20 hadi 50. Kila mmoja, akiwa "mwalimu", aliagizwa kumpiga "mwanafunzi" kwa umeme uliozidi kupanda kila alipokosea jibu; umeme huo ulikuwa wa kuigiza, ila mshiriki hakuambiwa. Wote 40 walifika volti 300, na 26 kati yao, yaani asilimia 65, walifika mwisho, volti 450. Idadi ile haina tatizo kubwa. Cha kuuliza ni akina nani: wanaume watupu, waliojitolea wenyewe baada ya kuona tangazo, kutoka eneo moja la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa wa sampuli na uwakilishi wake ni mambo mawili, na ukiyatenganisha tayari umewapita wengi.

Lawama ya pili ni ya maadili. Kwamba Milgram aliwadanganya washiriki na kuwatia mfadhaiko ni kweli, na ni jambo zito, ila halifanyi matokeo yawe ya uongo. Mwanafunzi anayeandika "utafiti haukuwa wa kimaadili, kwa hiyo hauaminiki" ameunganisha vitu visivyoungana. Kama unataka maadili yaguse ubora wa ushahidi, onyesha njia yanayopitia: kwa sababu ya maadili, utafiti huu hauwezi kurudiwa wote. Jerry Burger alipoujaribu upya katika utafiti uliochapishwa 2009, alisimama volti 150, ambapo asilimia 70 walikuwa tayari kuendelea. Baada ya hapo tunakisia tu. Hiyo ni hoja.

Uhalali wa ndani, yaani kama utafiti ulipima kweli ulichodai kupima, una utajiri zaidi. Martin Orne na Charles Holland walidai mwaka 1968 kwamba washiriki wa Milgram hawakuamini kama umeme ni wa kweli. Kama ni hivyo, alichopima si utii bali ni watu wanaocheza nafasi waliyopewa. Mwaka 1972 Sheridan na King waliwaagiza wanafunzi 26 wampige mtoto wa mbwa kwa umeme wa kweli. Wanawake wote 13 walifika mwisho, na wanaume 7 kati ya 13. Hapa hakukuwa na igizo, na bado wengi walitii, jambo linalopunguza nguvu ya pingamizi la Orne na Holland. Unaweza kujibu kwamba mbwa si binadamu, na mjadala ukaendelea. Kupima ushahidi dhidi ya ushahidi namna hiyo ndiko kunakoitwa tathmini.

Kuna tarakimu zinazostahili kukaririwa na nyingine unazoweza kuziacha. Utii ulishuka hadi asilimia 47.5 Milgram alipohamisha jaribio kutoka Chuo Kikuu cha Yale kwenda ofisi chakavu mjini, ukawa 40 mwalimu na mwanafunzi walipowekwa chumba kimoja, 30 mwalimu alipotakiwa kumshika mwanafunzi mkono na kuulazimisha kwenye bamba la umeme, na 20.5 maagizo yalipotolewa kwa simu. Kila tarakimu hapo ni hoja inayosimama yenyewe: mahali, ukaribu wa mwathirika, ukaribu wa mwenye mamlaka. Mwaka wa kuchapishwa una kazi ndogo zaidi. Unakusaidia kujua zama na kupanga nani alimjibu nani, lakini ukiusahau ndani ya mtihani hoja yako haijafa.

Kwa hiyo punguza madaftari. Kwa kila utafiti tumia kadi moja, upande mmoja na nyuma yake. Mbele andika walichofanya kwa sentensi tatu, na tarakimu mbili au tatu zinazobeba hitimisho. Nyuma andika maelezo mengine yanayowezekana, utafiti mmoja unaoupinga au kuuunga mkono na unavyofanya hivyo, na hitimisho kwa maneno ya tahadhari. Ikikushinda kujaza nyuma ya kadi, utafiti huo hujaujua bado, hata kama mbele umeijaza pomoni. Na futa kabisa neno "umethibitisha". Utafiti mmoja wa saikolojia huunga mkono, hudokeza, au hautoi ushahidi. Anayeandika "umethibitisha" anaonyesha kwamba hajaelewa uwezekano wa kitakwimu unafanya kazi gani.

Hapo tumefika kwenye jasho lako. Usiiache sehemu ya mbinu za utafiti ikusubiri mwaka wa pili. Katika karatasi ya pili ina alama 48 kati ya 96, na maswali yake yanachungulia kwenye karatasi nyingine zote mbili. Hesabu kwa jumla hazipungui asilimia 10 ya somo. Habari njema ni kwamba hesabu zenyewe ni nyepesi: asilimia, uwiano, wastani, kusoma grafu. Kinachowaangusha watu ni kutojua namba inasema nini. Kwa mfano, makundi mawili yana wastani uleule wa maneno 12 yaliyokumbukwa, ila mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa la kwanza ni 1.5 na wa la pili ni 4.8. Kusema "la pili ni kubwa" hakukupi kitu. Sema kwamba katika kundi la pili washiriki walitofautiana sana, wengine walikumbuka mengi na wengine machache, hivyo wastani wake unamwakilisha mtu mmojammoja kwa udhaifu zaidi.

Nadharia tete, yaani utabiri ambao utafiti unaupima, ndiyo inayopoteza alama za bure kuliko kitu chochote. "Muziki utaathiri kumbukumbu" haina kipimo. Andika hivi: "Idadi ya maneno yatakayokumbukwa kwa usahihi kutoka orodha ya maneno 20 itakuwa kubwa kwa washiriki watakaojifunza orodha katika ukimya kuliko kwa watakaojifunza huku muziki wenye maneno ukisikika." Hali zote mbili zimetajwa, kipimo kimetajwa, na mwelekeo umetajwa. Mwelekeo huwekwa pale tafiti za awali zinapoelekea upande mmoja. Zikigongana, au zisipokuwepo, andika tu kwamba kutakuwa na tofauti.

Kosa jingine la kila mwaka ni kuchanganya uteuzi wa sampuli kwa bahati nasibu na ugawaji wa makundi kwa bahati nasibu. La kwanza linahusu nani anaingia kwenye utafiti: kila mtu katika jamii husika ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na faida yake ni uwakilishi. La pili linahusu nani anakwenda kundi gani baada ya kuchaguliwa, na faida yake ni kwamba tofauti za watu hazilundikani upande mmoja. Ukiwatumia watu walewale katika hali zote mbili, ugawaji huo huuhitaji tena, lakini linakuja tatizo la mpangilio: mazoezi au uchovu kutoka hali ya kwanza huingia ya pili. Dawa yake ni nusu ya washiriki kuanza na ukimya na nusu nyingine kuanza na muziki. Tahadhari: hilo haliondoi athari ya mpangilio, linaisambaza sawasawa kwa hali zote mbili. Wasahihishaji huitafuta tofauti hiyo.

Swali likikutaka ubuni utafiti, andika kwa namna ambayo mtu asiyekujua angeweza kuufanya kesho bila kukuuliza chochote. "Nitachagua sampuli nasibu" halitoshi. "Majina ya wanafunzi wote 300 yataandikwa kwenye vikaratasi vinavyolingana, yatachanganywa ndani ya boksi, na 30 ya kwanza kutolewa ndio washiriki" linatosha.

Kuchagua jaribio la takwimu kunategemea maswali matatu, na usiyaruke hata ukidhani jibu unalijua. Je, unatafuta tofauti au uhusiano? Kama ni tofauti, watu ni walewale au ni wengine? Na data ni ya aina gani: makundi ya kuhesabu, vyeo vinavyopangika, au vipimo vyenye nafasi sawa kama sekunde? Tofauti kwa watu walewale inakupeleka kwenye jaribio la alama za kujumlisha na kutoa kama data ni ya makundi, Wilcoxon kama ni ya vyeo, na jaribio la t la vipimo vinavyohusiana kama ni ya nafasi sawa. Watu wakiwa wengine, mfuatano ni chi-square, Mann-Whitney, na jaribio la t la vipimo visivyohusiana. Kwa uhusiano ni chi-square, Spearman, na Pearson. Washiriki waliooanishwa kwa kufanana huhesabiwa kama watu walewale. Chora jedwali la safu tatu kwa tatu kwa mkono, bila kutazama, mara moja kwa wiki mpaka mkono uzoee.

Jaribio la alama za kujumlisha na kutoa ndilo unalotakiwa kulikokotoa mwenyewe, basi tulifanye. Wanafunzi 14 wamejifunza maneno katika ukimya na kwenye muziki. Kwa kila mmoja, toa idadi ya muziki kutoka idadi ya ukimya. Tisa wamepata jumlisha, watatu kutoa, wawili hawana tofauti. Hao wawili unawaondoa, hivyo N ni 12, na hapa wengi huteleza kwa kubaki na 14. S ni idadi ya alama iliyo chache, yaani 3. Sasa nenda kwenye jedwali: kwa N ya 12, kiwango cha 0.05, mkia mmoja (kwa kuwa utabiri wetu una mwelekeo), thamani ya mpaka ni 2. Katika jaribio hili S lazima iwe sawa na thamani ya mpaka au chini yake. Tatu ni zaidi ya mbili, kwa hiyo tofauti haina uzito wa kitakwimu, na nadharia tete kapa (dai kwamba hakuna tofauti) haikataliwi. Hata kama kwa macho tisa dhidi ya watatu inaonekana ushindi mnono, matokeo kama hayo au makali zaidi yangetokea kwa bahati tupu karibu mara 7 kwa kila 100, na kikomo chetu ni 5. Angebadilika mwanafunzi mmoja tu, wakawa kumi kwa wawili, S ingekuwa 2 na hitimisho lingegeuka.

Wilcoxon na Mann-Whitney nayo yanataka namba uliyokokotoa iwe sawa na ya jedwali au chini yake. Mengine yote niliyoyataja, yaani chi-square, Spearman, Pearson na yale ya t, yanataka iwe sawa au zaidi. Na ukiandika hitimisho, taja S, N, kiwango, mkia, na maana yake kwa muziki na kumbukumbu. Neno "imekataliwa" peke yake halitoshi.

Insha yenye kisa cha mtu hugawanywa tofauti: 6 za maelezo, 4 za kutumia kisa, 6 za tathmini. Kosa la kawaida ni kutaja jina la mhusika mara moja kisha kumsahau. Nukuu maneno ya kisa. Kama kimesema mtoto "hulia mama akitoka na hatulii hata mama akirudi", andika kwamba kutotulia huko ndiko kunakomtofautisha na mtoto mwenye mfungamano salama katika utaratibu wa Mary Ainsworth wa kumtazama mtoto mama akitoka na akirudi; mtoto huyo wa salama naye anaweza kulia mama akitoka lakini hutulizwa haraka akirudi. Kilio peke yake hakitofautishi kitu.

Kuhusu muda: kila karatasi ina alama 96 kwa dakika 120, yaani dakika 1.25 kwa alama. Insha ya 16 ina dakika 20, hakuna ya ziada. Dakika 2 za kupanga, 6 za maelezo, 12 za tathmini. Kwa mwandiko wa kasi ya kawaida hayo ni kama maneno 150 ya maelezo na 300 ya tathmini. Anza kujipima kwa saa sasa, usisubiri miezi ya mwisho.

Namna ya kurudia imo ndani ya somo lenyewe. Roediger na Karpicke (2006) waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Wengine waliyasoma mara ya pili, wengine walifunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele, 81 kwa 75 kwa mia. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena 42. Zile dakika 5 za kwanza ndizo zinazowadanganya wanafunzi, kwa sababu kusoma tena kunatoa hisia ya kujua. Kwa hiyo funika kadi, andika, ndipo ufunue. Rudia kadi ileile baada ya siku 1, kisha 3, kisha wiki, kisha wiki tatu. Ile unayoikosa irudishe mwanzo wa foleni.

Ukifika kwenye mada ya magonjwa ya akili, utajiona humo. Karibu kila anayesoma dalili za mfadhaiko au za kujirudiarudia kwa mawazo hupata mbili tatu zinazomfanana. Utambuzi wa kitabibu huangalia muda dalili zilivyodumu, ukali wake, na kiasi zinavyovuruga maisha ya mtu, kwa hiyo usijipime wala usimpime mwenzako kwa orodha ya kitabu. Lakini kama kuna kinachokulemea kweli, mweleze mtu mzima unayemwamini au mhudumu wa afya, na usingoje somo liishe. Na darasa likiwapa kufanya jaribio dogo, chagueni jambo lisilomuumiza wala kumwaibisha mtu, ombeni ridhaa kabla, waambieni washiriki wanaweza kujitoa wakati wowote, na waelezeni kila kitu mwishoni. Kwa walio chini ya miaka 16, ridhaa ya mzazi inahitajika pia.

Kwa wiki hii, chukua insha yako iliyopata 7 na kalamu za rangi mbili. Pigia mstari wa rangi ya kwanza kila sentensi inayoeleza, na wa rangi ya pili kila sentensi inayopima. Kata maelezo mpaka yabaki maneno 150. Kisha chukua tathmini moja uliyoiandika kwa mstari mmoja, iandike upya kwa sentensi tano au sita kama ile aya ya mashahidi wa Kanada, ukiwa na "hata hivyo" ndani yake na uamuzi mwishoni. Fanya hivyo kwa hoja tatu, kwa dakika 12, saa ikiwa mezani. Mpe mwalimu wako insha hiyo pamoja na ile ya zamani, aziweke zote mbili kwenye ngazi zake.